Barua ya wazi kwa manahodha wa Nungwi, Kendwa na Matemwe: mzamiaji hayuko chini ya bendera

Wanangu, assalaam alaykum.

Bendera mbili za wazamiaji mnazipita kila asubuhi mkielekea kisiwa cha Mnemba, hapa kwetu Unguja. Moja nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari. Nyingine ni ya herufi A: nyeupe upande wa mlingoti, buluu upande wa nje, imechanwa kama mkia wa mbayuwayu. Hii ya pili, kwa ishara za kimataifa, inasema: nina mzamiaji chini, kaa mbali nami, pita polepole. Kuzitambua mnazitambua. Mnapokosea ni kudhani ukishaikwepa boti yenye bendera umemkwepa na mzamiaji.

Pigeni hesabu. Mkondo wa maili moja ya bahari kwa saa humchukua mtu mita 30 kila dakika. Mzamiaji kabla ya kuibuka hutulia mita 5 chini kwa dakika 3, naitrojeni imtoke mwilini taratibu. Katika kutulia huko tu ameshasogea mita 90, na siku za bamvua huzidi hapo. Nanyi mkikimbia maili 20 kwa saa mnakata mita 10 kila sekunde. Mita 90 hizo ni sekunde 9.

Msiseme atasikia mashine akwepe. Majini sauti hukimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani, hufika masikio yote mawili karibu kwa pamoja, basi atasikia mngurumo bila kujua unatoka upande gani.

Kule Florida sheria inataka boti ijitahidi kukaa mita 90 kutoka kwenye bendera mahali pa wazi, na mita 30 ndani ya mito na milango ya bahari; anayelazimika kukaribia zaidi aende mwendo wa kutambaa. Kwa mikondo yetu mimi naona mita 100 ni kiasi cha chini kabisa, na upande mkondo unakoelekea ongezeni mara mbili. Punguzeni moto mapema, omo ishuke, maana boti ikiinua pua hamwoni kilicho mbele. Asubuhi jua liko usoni mwenu mkitoka Matemwe, kwa hiyo wekeni kijana mmoja omo atafute mapovu na boya refu la rangi ya machungwa. Abiria wasikae wakamziba.

Kwenye kuokota watu ndiko viungo hukatika. Mfikie mzamiaji awe upande wako unaomwona, usirudi nyuma kwa gia hata mara moja. Ukibakiza mita chache toa gia, kisha zima mashine kabisa kabla hajashika ngazi. Mashine isiyo na gia bado yaweza kuzungusha rafadha kidogo. Hesabu vichwa ndipo uwashe. Mtu akiunganisha mikono miwili juu ya kichwa kama duara, yuko salama. Akipunga mkono mmoja anaomba msaada, hata kama wageni wengine hupunga kwa furaha tu; nenda kamwangalie.

Nanyi mnaobeba wazamiaji, bendera ya kitambaa kitupu msimu wa maleleji hujisokota mlingotini isionekane. Ipitishieni waya au kipande cha bomba ukingo wa juu isimame wima. Mtu wa mwisho akipanda, ishusheni. Bendera mnayorudi nayo mpaka pwani ikiwa juu inawazoesha wenzenu kuipuuza. Usiku ni taa tatu zilizopangwa wima: nyekundu, nyeupe, nyekundu.

Wapo pia wenzetu wanaozamia pweza kwa miwani na mkuki. Bendera hawana, pengine wana dumu la njano tu lililofungwa kamba. Dumu linaloelea peke yake juu ya mwamba lipeni nafasi ileile ya bendera.

Wassalaam,
Mzee wenu