Jumamosi: waya za plagi
Wapendwa, Jumamosi saa nane mchana, pale pale South B, Nairobi. Tunafunga waya za plagi kwenye injini za V8 (za silinda nane) za magari yetu ya modeli. Magari yetu ni 1/25 ya ukubwa wa gari halisi, hivyo waya halisi wa milimita 8 unakuwa kama milimita 0.3. Waulizeni mafundi wa kusuka mota, hawakosi vipande vya waya wa shaba. Ukunje kwanza ndipo upake rangi, la sivyo rangi inapasuka kwenye kona. Waya mnene huharibu injini nzuri kabisa, tafadhalini!

Wenye dragsta (magari ya mbio fupi za mstari ulionyooka): Don Garlits, dereva maarufu wa mbio hizo, alijeruhiwa mguu 1970 giaboksi ilipolipuka, akarudi 1971 na injini nyuma ya dereva. Kwa hiyo gari lake la miaka ya 60 liwe na injini mbele.

Wa modeli za boti, leteni msasa laini.