Ijumaa isiwe mwanya wa kuikwepa Katiba

Kwa Mhariri,

Kila ujambazi unapozidi mitaani, hurejea lalamiko lile lile: eti Katiba ya Kenya ya 2010 imewafunga polisi mikono, saa 24 za kumfikisha mshukiwa kortini hazimtoshi mpelelezi, na mshukiwa anaonewa huruma kuliko aliyeibiwa. Nalisikia kwenye matatu, nalisikia redioni, na siku hizi nalisikia hata kwa wazee wenzangu, ambao wangepaswa kuwa na kumbukumbu nzuri zaidi. Tatizo halisi naliona kwingine, kwa wanaokamatwa Ijumaa, lakini kwanza historia.

Nawakumbusha basi. Tarehe 12 Desemba 1978, Sikukuu ya Jamhuri, Rais Daniel arap Moi aliwaachilia wafungwa wa kisiasa waliokuwa wakizuiliwa bila kufunguliwa kesi. Walikuwemo mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na wanasiasa George Anyona na Koigi wa Wamwere. Nchi ilishangilia, na ilikuwa na kila sababu. Lakini sheria iliyowaweka ndani, ile ya kuhifadhi usalama wa umma, haikuguswa. Mwaka 1982 Anyona na Koigi wakarudishwa kizuizini, rais akiwa yule yule. Mwaka 1990 ikawa zamu ya wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini, na afya yake haikurudi tena ilivyokuwa. Tulingoja hadi 1997 ndipo Bunge likaufuta uwezo wa kumfungia mtu bila kumshtaki.

Simwiti Moi wa 1978 mnafiki. Huenda alikuwa na nia njema kabisa. Shida ni kwamba uhuru wa watu wale ulitundikwa kwenye nia yake, nayo ilipogeuka, hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Wanaotaka polisi waongezewe muda wajue pia kwamba jambo hilo tumeshalijaribu. Mwaka 1988 Katiba ya zamani ilirekebishwa ili mshukiwa wa kosa la kunyongwa aweze kuzuiliwa hadi siku 14. Marekebisho hayo hayo yaliwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao, hata ikawa polisi wameongezewa siku, na jaji wa kuwauliza wamezitumiaje amepunguziwa ujasiri. Waliopitia vyumba vya mateso vya chini ya jengo la Nyayo House, Nairobi, wamesimulia mahakamani siku hizo zilivyotumika, na korti imewapa fidia wengi wao kwa pesa za walipa kodi, yaani zangu na zako.

Ndiyo sababu Katiba ya sasa inasema katika kifungu cha 19 kwamba haki ni za kila mtu na hazitolewi na dola. Katika kifungu cha 24, anayetaka kuzipunguza ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwa nini. Na kifungu cha 49 hakimnyimi mpelelezi muda wake. Akihitaji siku zaidi, aende mbele ya hakimu aeleze sababu. Huombwa hivyo kila wiki, na mara nyingi hukubaliwa. Anachokatazwa ni kujipa ruhusa mwenyewe.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Septemba 2024, Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, kifungo cha miezi sita kwa kukaidi amri ya kufika kortini kueleza waliko watu watatu waliotoweka Kitengela. Siku chache baadaye watu hao waliachiliwa wakiwa hai. Masengeli naye alifika kortini, adhabu ikaondolewa. Mnaodharau makaratasi ya korti, waulizeni jamaa za watu hao.

Hata hivyo, kifungu hicho cha 49 kina ufa, na wanaokamata wanaujua kuliko sisi. Saa 24 zikiisha siku ambayo si ya korti, mshukiwa hungoja hadi siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo ukitiwa mbaroni Ijumaa alasiri, kisheria unaweza kulala korokoroni hadi Jumatatu, na Jumatatu ikiwa sikukuu, hadi Jumanne. Kosa lenyewe huenda ni maneno uliyoandika mtandaoni, ambayo hayangemzuia hakimu kukupa dhamana kwa dakika kumi. Wakenya wameuona mchezo huu hadi wakaupa jina: kamatakamata ya Ijumaa. Hiyo ni adhabu inayotolewa kabla ya hukumu, na Katiba imekanyagwa bila hata koma moja kuvunjwa.

Kuuziba ufa huu hakuhitaji kura ya maamuzi. Jaji Mkuu anaweza kupanga hakimu wa zamu kila kaunti Jumamosi na siku za sikukuu, kwa kazi moja tu: kuwasikiliza waliokamatwa, kuamua dhamana, na kuuliza kila kituo kina mahabusu wangapi. Tangu janga la korona mwaka 2020 korti zetu zimezoea kusikiliza watu kwa video, kwa hiyo hata umbali wa Turkana au Mandera si kisingizio tena. Gharama itakuwapo, ya posho za mahakimu, makarani na mawakili wa serikali. Wabunge wanaopitisha bajeti ya Mahakama, ambayo kila mwaka tunaambiwa haitoshi, waanze na fungu hilo, na mkuu wa kituo atakayeshindwa kuleta kitabu chake cha matukio (OB) mbele ya hakimu wa zamu aeleze kwa maandishi kabla ya Jumatatu.

Msomaji wako,
Nakuru