Risala ya klabu ya historia: wazee wetu wa Keya na Divisheni ya 11

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi wetu, shikamooni.

Mwaka huu klabu yetu imefuatilia Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kikosi kikubwa cha jeshi la Waingereza katika vita kuu ya pili, ile ya alama ya kichwa cha kifaru, maana majumbani kwetu utasikia tu "babu alikuwa Keya, alienda Bama", yaani Burma, leo Myanmar, halafu stori inaishia hapo hapo.

Keya ndio King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza lenye askari Waafrika, ilianza 1902. Batalioni ya 6 ikaja kuwa ya Tanganyika, ya 4 ilikuwa ya Uganda, na vita kuu ya pili ilipopamba moto zikazaa zingine, ukitazama tarakimu ya mwisho unamjua mama, 26 na 36 ni za Tanganyika, 34 na 44 za Uganda, na zote nne zikaingia kwenye hiyo divisheni iliyoundwa 1943. Wengine hata vitani hawakufika, tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, watu 1,297 wakafa, wakiwemo askari wetu wa mizinga. Kwakweli tulipolisoma hilo darasa zima lilinyamaza.

Agosti 1944 askari wa divisheni wakaingia bonde la Kabaw kule Burma, mvua haikatiki, malaria, magari yanazama kwenye tope, Wajapani wanarudi nyuma lakini wanapigana njia nzima, mpaka tarehe 2 Desemba wakauchukua mji wa Kalewa, mto Chindwin ukawa mbele yao.

Sasa mheshimiwa, divisheni kwa utaratibu wa Waingereza haipewi heshima za vita, yaani majina ya mapigano ya kukumbukwa nayo, zinapewa vikosi vyake kama Keya, kwahiyo divisheni ilipovunjwa yakabaki majina kama Mawlaik na Kalewa kwenye orodha ya Keya. Majina ya mahali yapo, ya kina babu wengi hapa kijijini hakuna anayeyajua, na hilo linatuuma sana.

Tumeanza kuzunguka kwa familia tukipiga picha vyeti vya kuachishwa jeshi na medali, ila tunatumia simu ya mwalimu na picha zingine hazisomeki. Tunaomba skana moja na nauli ya kufika vijiji vya mbali, maana hayo makaratasi yanaliwa na mchwa na wajane waliobaki ni wazee sana.

Tunaomba kuwasilisha.