Tusiwacheke wenye farasi, wasia wetu sisi uko wapi?

Mheshimiwa Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hii video inayozunguka kwenye simu za watu, ya maiti wa Kiingereza anapelekwa kuzikwa ndani ya gari la vioo linakokotwa na farasi weusi wamevishwa manyoya ya mbuni vichwani. Barazani kwetu imechekwa mpaka mtu kamwaga kahawa, mmoja akasema yeye akifa apakiwe gari la ng'ombe, na kwa foleni ya Mwanakwerekwe ilivyo atafika kaburini watu washasali Laasiri. Mie nilicheka pia, lakini baadae nikasema ngoja, hawa jamaa kuna kitu wametuzidi na si farasi.

Wale farasi asili yao Friesland kule Uholanzi, weusi watupu, na mambo yale yalishamiri enzi za Malkia Victoria, magari ya mota yalipokuja yakapungua, sasa yanapendwa tena hasa mashariki ya London. Na si wafalme tu, mtu wa kawaida, muuza samaki, fundi bomba, anasema akiwa hai mie nataka farasi, na wengi wanalipia mazishi yao wenyewe kidogo kidogo kabla hawajafa. Biashara hiyo imekuwa kubwa hadi tangu Julai 2022 imewekwa chini ya mamlaka inayosimamia mambo ya fedha kule kwao, manake kuna kampuni ilikuwa ishaanguka na pesa za watu.

Huyo Victoria mwenyewe aliandika kabisa vipi azikwe, hataki weusi weusi, anataka nyeupe na azikwe kiaskari. Februari 1901 pale Windsor farasi wakasimamishwa kwenye baridi wee mpaka wakachachamaa, kamba zikakatika, ikabidi mabaharia walikokote jeneza wenyewe, na toka siku hiyo ndo imekuwa mila, hata Malkia Elizabeth mwaka 2022 alikokotwa na mabaharia 142. Mumewe Philip 2021 alipelekwa kwa Land Rover aliyoshughulika nayo mwenyewe kwa miaka mingi, yaani mtu anakaa anapanga gari litakalombeba akifa! Kwetu ungeambiwa unajitakia uchuro.

Na hapo ndo penye maneno yangu. Sisi mtu akigusia tu kufa kwake ananyamazishwa, wacha bwana uchuro huo, basi anakufa kweli na hakusema kitu.

Msidhani lakini kule ukitaka farasi basi lazima uletewe. Mahakama ya Uingereza tangu 1882 ishasema maiti si mali ya mtu kuirithisha, na aliyoyataka marehemu kuhusu mwili wake hayamfungi mtu kisheria, msimamizi wa mirathi ndo muamuzi. Ila kwa vile kasema na kalipia, watoto wana kitu cha kushika.

Mazishi yetu yenyewe mie siyabadilishi na farasi hata mia. Mtu kafa alfajiri, kabla ya Adhuhuri keshaoshwa, bafta ya sanda na karafuu maiti vishaletwa, jeneza limetoka msikitini watu wanapokezana mabega, na katika hao nusu hata jina la marehemu hawalijui, mtu kaona jeneza linapita kaegesha baiskeli yake kaingia kutia bega. Nani kule Ulaya analipata hilo kwa pesa?

Kasheshe inakuja pale Mpemba anapofia Unguja. Nimeyaona kwetu, ami yetu kafia hospitali hapa mjini, ndugu wa Wete kule Pemba wanapiga simu wanamtaka maiti wao, wanawe waliozaliwa hapa wanataka azikwe makaburi ya Mwanakwerekwe ili wawe wanamzuru baba yao, boti ya asubuhi ishaondoka, huyu anasema tukodi ndege, yule anauliza nani atalipa, mke yuko ndani eda ishaanza na hakuna hata mmoja aliyemuuliza, na maiti kalala anangoja sisi tumalize. Marehemu miaka yote barazani kazungumza siasa, mpira, bei ya karafuu, hili hakulisema hata siku moja. Mwisho alizikwa hapa hapa baada ya Magharibi, na mpaka leo kuna watu hawasalimiani kwa ajili hiyo.

Sasa wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafi, na Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo, kaandika wazi kuwa kumhamisha maiti mji hadi mji wanazuoni wengi wa madhehebu wanaona haifai, wengine wakasema ni makruhu tu, isipokuwa aliye karibu na Makka, Madina au Baitul Maqdis, na hata mtu akiusia ahamishwe wasia huo hautekelezwi. Kwa hivyo mahakama ya Kiingereza na kitabu cha Shafi wamekutana pale pale, maiti hana kauli ya mwisho, ajabu hiyo! Lakini tunajua hali ilivyo, watu wanapelekwa. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki Dar es Salaam tarehe 17 Februari 2021 na kesho yake akazikwa kwao Mtambwe, Pemba, Rais mstaafu Mzee Mwinyi naye kafia Dar es Salaam 2024 akaja kulazwa Mangapwani hapa Unguja. Simkosoi mtu, na kutamani udongo wa kwenu kila mtu anako, Bibi Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, kaondoka Unguja 1866 kafia Ujerumani 1924, na kazikwa Hamburg na kifuko chake cha mchanga wa pwani ya huku. Nnachosema ni kwamba watu wa kawaida hawana ndege ya serikali.

Na yale ambayo wasia wake unatekelezwa ndo hatuyasemi kabisa. Sheria yetu inajulikana, mali ya marehemu kwanza anazikwa, halafu yanalipwa madeni, halafu wasia usiozidi thuluthi na asiusiwe mrithi, ndo warithi wagawane. Basi semeni madeni jamani! Deni la dukani, pesa ya mchezo wa kupeana kwa zamu, amana ya jirani aliyokuwekesha, siku za Ramadhani unazodaiwa, mtu kafa mwezi mzima wanakuja watu mlangoni kila mmoja na daftari lake na watoto hawajui yupi mkweli. Sema pia nani akuoshe. Sema usipigwe picha umekafiniwa ukarushwa kwenye magrupu, maana hilo limekuwa maradhi siku hizi. Na chakula sema, Mtume (S.A.W.) alipouawa binamu yake Jaafar aliamrisha watu wa Jaafar ndo wapikiwe kwa vile wana msiba, sisi tumegeuza, mfiwa analia huku anaulizwa mchele wa biriani umefika.

Mie karatasi yangu ya wasia nishaiandika na mke wangu anajua ilipo, alinuna siku mbili kisha na yeye akaandika yake.

Ombi langu kwenu Mheshimiwa Mhariri, ukurasa wenu wa dini wa Ijumaa uwaite masheikh watufafanulie kwa lugha nyepesi, na wa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana nao waje watuambie karatasi ya wasia iandikweje na mashahidi wangapi, na hili la Pemba na Unguja lisirukwe: mtu akifia mjini saa kumi na mbili asubuhi, boti ya Mkoani inaondoka saa moja baadae, familia yote iko kule, hapo tunasemaje?

Ndimi msomaji wenu,
Mpemba wa Michenzani, Unguja