Bobi na vidonge vya maungo

Gungu, Kigoma
Jumapili jioni

Shoga yangu Zena,

Salamu kwako, kwa mama na wote hapo Isevya. Sisi hatujambo, ila dagaa wamepanda bei, na hilo nalo si jipya.

Uliponiambia yule mbwa wenu mzee kaandikiwa meloksikamu, dawa ya kutuliza maumivu, kwa ajili ya maungo, nikaona bora nikuandikie, maana ya kwenye simu husahaulika. Ndiyo dawa hiyohiyo iliyotaka kumwondoa Bobi, mbwa wa kaka Hamisi. Alikuwa anapewa robo ya kidonge cha miligramu 7.5 kwa siku, kwani mbwa wa kilo 20 kipimo chake ni miligramu 2 hivi. Mfuko ulitundikwa mlangoni. Bobi akaushusha, akatafuna vidonge na pakiti yake.

Kaka namsifu mpaka leo, hakuhangaika ovyo. Aliketi mkekani akaunganisha vipande vya ile karatasi inayong'aa, akahesabu matundu: vidonge sita havipo. Ndipo akampigia daktari wa mifugo, naye akauliza hayohayo: dawa gani, miligramu ngapi, vidonge vingapi, saa ngapi, mbwa ana kilo ngapi. Uzito waliupata dukani kwenye mzani wa mahindi. Kaka alipanda na Bobi mikononi, kisha akapanda peke yake, wakatoa. Miligramu 45 kwa mbwa wa kilo 20! Zaidi ya mara ishirini ya kipimo.

Wakati huo jirani keshafika na chupa ya mawese. Watujua watu wa Kigoma, mawese kwetu ni dawa ya kila kitu. Daktari alikataa katakata: mbwa akimiminiwa mafuta kwa nguvu yanaweza kumwingia mapafuni. Maziwa nayo hayaondoi dawa tumboni. Chumvi ndiyo usiiguse kabisa, ikizidi yenyewe ni sumu.

Kumtapisha mwachie daktari aamue. Hufaa mapema, ndani ya saa mbili hivi, na mbwa awe na fahamu zake. Akiwa amelegea au ana degedege, matapishi yataishia mapafuni. Bobi aliwahiwa. Alitapishwa, akapewa mkaa wa dawa (wa jikoni haufanyi kazi hiyo, msije mkausaga), akatundikiwa dripu kuokoa figo, akaandikiwa na omeprazoli ya tumbo.

Mkia ukitikisika usikudanganye. Dawa za jamii hii hutia vidonda tumboni na kuumiza figo, na ya figo huweza kuchelewa siku mbili tatu. Tazama kutapika, kugoma kula, kunywa maji kupita kawaida, ufizi kupauka, na kinyesi cheusi kama lami. Bobi alipotoa hicho cheusi, hata jirani wa mawese alinyamaza. Sasa anabweka usiku kucha, ila meloksikamu harudishiwi tena.

Mwulizeni pia daktari wenu kama mbwa amechomwa deksamethasoni karibuni au anatumia prednisoloni, zote dawa za steroidi, maana zikikutana na dawa hii tumbo ndilo huumia. Diklofenaki ya mgongo wa mama isimkaribie, wala ibuprofeni. Na mpangane mtu mmoja wa kumpa dawa, kwa kuwa nawajua: mama atampa asubuhi, Juma akirudi kazini atampa tena.

Shoga yako,
Mwajuma