Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tabora: mtoto aliyerudi na malaria mara ya nne

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima, Daktari. Mimi ni mtaalamu wa maabara mstaafu, naishi Urambo. Nimekaa kwenye hadubini miaka mingi, na hata leo nikiambiwa mtoto "ana wadudu wawili" swali langu la kwanza ni: wadudu gani? Swali hilo ndilo lililonisukuma kukuandikia.

Kuna mtoto wa jirani yangu, yuko darasa la tatu. Tangu msimu wa kuchuma tumbaku wa mwaka jana ameugua malaria mara nne. Chandarua analalia. Dawa mseto alimaliza kila mara. Mama yake alinionyesha pakiti tupu, kazitunza kwenye kopo la unga kama mtu anavyotunza risiti. Mara ya tatu kipimo cha haraka hakikuonyesha kitu huku mwili unawaka. Mara ya nne, kwenye zahanati ambayo sitaitaja, mama akaambiwa hampi mtoto dawa inavyotakiwa. Alirudi nyumbani akilia.

Nikawasindikiza hospitali wakachukue BS, yaani tone la damu linalopakwa kwenye kioo na kusomwa kwa hadubini, na vijana wa maabara wakaniruhusu nichungulie. Chembe nyekundu za damu kadhaa zilikuwa zimevimba kidogo na kuchukua umbo la yai, ukingo wa upande mmoja umechanikachanika, na ndani yake vidoadoa vya rangi ya waridi. Ilikuwa Plasmodium ovale, mojawapo ya aina za vimelea vya malaria.

Wewe unalijua hili, Daktari, lakini naandika wazi ili mama yule na wenzake nao wasome. Mbu akishauma, vimelea hukimbilia kwenye ini kwanza. Wale wa aina ya falciparum hukua humo kama wiki moja, wakapasua chembe za ini na kuingia kwenye damu wote. Ovale na vivax, aina nyingine mbili, wana tabia tofauti: baadhi yao hubaki ndani ya ini wamelala. Wataalamu huwaita hipnozoiti. Dawa mseto huua walio kwenye damu, hawa waliolala haiwagusi. Baada ya wiki kadhaa, au miezi, mmoja anaamka na homa inaanza upya bila mbu mwingine kuuma. Henry Shortt na Cyril Garnham walionyesha mwaka 1948 kwamba vivax hupitia kwenye ini la binadamu, lakini hao wanaolala wenyewe walikuja kuonekana kwenye hadubini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kumlaumu mama kwa kitu kilichojificha hivyo ni kumwonea.

Sitaki kumtia mtu hofu. Malaria yetu nyingi ni falciparum, nayo hailali kwenye ini, hata kama vijiweni kila homa inayorudi inaitwa "malaria iliyojificha". Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Tabora wana vimelea, wakati wastani wa nchi ni kama 8. Kwenye mkoa wa namna hiyo wengi wanaorudi wameumwa upya na mbu, au hawakumaliza dozi. Ndiyo maana hawa wachache wa ovale wanapotea kwenye msongamano. Vipimo vingine vya haraka vinatafuta falciparum peke yake. Hata vyenye mstari wa pili wa kutafuta aina nyingine humkosa ovale mara nyingi, kwa sababu huwa wachache kwenye damu. Na mtoto akiwa na aina mbili kwa pamoja, falciparum inaonekana, inatibiwa, na faili linafungwa.

Ninachoomba ni kwamba mtoto anayerudi na homa ya malaria mara ya tatu ndani ya mwaka, ilhali dozi amemaliza, achukuliwe BS isomwe na mtu anayeweza kutaja aina, na aina hiyo iandikwe kwenye rejista. Kuandika "MPS +", yaani vimelea vya malaria vimeonekana, bila kutaja aina hakumsaidii.

La pili ni primakwini. Ni dawa inayowafikia waliolala, kwa kawaida siku 14. Naelewa kwa nini haiwezi kugawiwa kama panadol: mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, akiimeza, chembe nyekundu zake zinaweza kupasuka, mkojo ukawa mweusi kama strungi na damu ikashuka vibaya. Mjamzito na mtoto wa chini ya miezi sita hawapewi. Kwa hiyo dawa na kipimo cha G6PD vije pamoja, walau hospitali moja kila wilaya, kusudi mzazi wa Kaliua au Sikonge asilazimike kusafiri hadi Tabora mjini.

Mtoto niliyemtaja bado hajapata kipimo hicho. Mama yake ameniuliza mara mbili wiki hii kama kimefika. Siku kitakapofika wilayani, nitamsindikiza tena, na atakuja na lile kopo lake la pakiti.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Urambo