Redio Iliyojaribiwa Gereji Bado Haijajaribiwa

Msimu wa mbio ukikaribia, simu tunazopigiwa sisi mafundi wa redio za magari na timu za rali hufanana: "Redio zetu ni mpya, tumezijaribu, zinasikika safi." Tukiuliza zimejaribiwa wapi, tunaambiwa gereji. Mmoja kasimama getini, mwenzake kando ya gari, injini imezimwa. Hapo hata redio ya kuchezea watoto ingesikika.

Sisi huanza kwa kuwasha injini. Ipandishe mizunguko hadi 5,000 kwa dakika, taa zote zikiwaka, feni ikizunguka, kisha sikiliza. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini, mara nyingi ni oltaneta, kifaa kinachochaji betri. Mlio wa tik-tik unaoharakisha kila ukikanyaga mafuta, angalia plagi na nyaya zake. Dawa ya mluzi kwa kawaida si redio ghali zaidi. Tunavuta waya wa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake, na kuupitisha mbali na nyaya za injini.

Halafu antena. Kwa masafa ya VHF (masafa ya juu sana) ya karibu 150 MHz, antena ya robo wimbi, yaani yenye robo ya urefu wa wimbi la redio, huwa na urefu wa sentimita 50 hivi, nayo hutaka bati chini yake. Paa la faibaglasi halitoshi. Tunabandika bati kwa ndani. Kisha tunapima kwa mita ya SWR, inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye antena. Ikisoma 1.5 au chini yake, tunafunga boneti. Ikisoma 3, robo ya nguvu ya redio inarudi badala ya kwenda hewani, na hapo mteja huanza kuilaumu betri.

Dereva na mwenzake wakae vitini wakiwa na helmeti, mikanda imekazwa. Kitufe cha kuongelea ambacho jana kilifikika kwa urahisi, leo mkono hauwezi kukigusa. Hili tunalikuta mara nyingi kuliko hitilafu yoyote ya umeme.

Kazi kubwa ni ardhi. Kule Marekani, kwenye mbio za magari za NASCAR, mwangalizi wa timu husimama juu kabisa ya jukwaa na kumwambia dereva nani yuko ubavuni mwake. Mzunguko wa Daytona, mmoja wa viwanja vyao, ni kilomita 4 tu, na kutoka pale juu anauona wote. Safari Rally ya Kenya haina jukwaa la namna hiyo. Ukiwa Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na gari lako liko Elmenteita, katikati kuna mlima Eburru wenye zaidi ya mita 2,800. Kubadilisha redio ya wati 5 kwa ya wati 25 hakuuondoi mlima. Unahitaji ripita (kituo kinachopokea sauti na kuirusha tena) iliyopandishwa juu, au gari la timu mahali palipoinuka likipokea ujumbe na kuupitisha. Zamani, barabara za Safari zikiwa bado wazi kwa umma, timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya gari kuonya kuhusu mifugo na matatu. Wachache wetu wana pesa hizo, kwa hiyo tunaendesha njia yenyewe mapema na kuandika kwenye ramani sehemu ambazo sauti inakatika.

Na vumbi! Fesh-fesh, vumbi la njia za Kedong, ni laini kama unga na huingia kwenye kila soketi isiyo na kifuniko. Beba brashi kavu.

Kuhusu redio za dijitali tuna msimamo ambao wauzaji hawaupendi. Analogi ikidhoofika hukoroma, lakini fundi mwenye sikio bado huokota neno "tairi". Dijitali hubaki safi, kisha hunyamaza ghafla. Kwa timu ndogo isiyo na ripita, tunashauri analogi.

Masafa yawe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kanuni za shindano lako ndizo zitakazosema ni lini unaruhusiwa kuongea na gari. Ukija kwetu, leta gari zima, helmeti zote mbili na chaja. Redio peke yake ndani ya boksi hatutaipima.